Picha ya ubongo si ramli, lakini habari yake ni amana

Kiharusi kikubwa hakina haja ya kuelezwa. Mitaa yetu ya mjini ina nyumba nyingi ambazo baba au mama amelala, mkono mmoja haunyanyuki, ulimi umekuwa mzito na watoto wanapokezana zamu za kumgeuza. Ninachotaka tukitafakari wiki hii ni kile kiharusi kidogo, ambacho aghalabu hupita bila hata kupewa jina. Mtu yuko barazani, kikombe cha kahawa kinamponyoka, mdomo unapinda, maneno yanagongana, kisha baada ya robo saa kila kitu kinarudi mahali pake. Wenziwe wanasema ni uchovu, mwingine anasema amepitiwa na upepo mbaya, mwenyewe anasema ni presha tu. Anakunywa maji, anakung'uta kanzu yake na kwenda zake nyumbani.

Sisi wa mjini tuna sababu zaidi ya kulitazama jambo hili. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, ukalinganisha wilaya ya Hai na maeneo kadhaa ya Dar es Salaam, ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kwa kila watu 100,000 Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Yaani mjini ni karibu mara tatu. Kwa hiyo yule anayekung'uta kanzu na kwenda zake si mtu wa mbali. Ni jirani, ni shemeji, na huenda ni mimi au wewe.

Madaktari hugawa tukio hilo mafungu mawili. Ikiwa dalili zimeondoka na hakuna sehemu ya ubongo iliyokufa, huliita shambulio la muda. Ikiwa kuna sehemu ndogo iliyoumia lakini mtu bado anatembea na kuzungumza, huliita kiharusi kidogo. Zamani mpaka kati ya mambo haya mawili ulikuwa ni saa ya ukutani: dalili zikiisha ndani ya saa 24, basi ni shambulio la muda. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliubadilisha mpaka huo, wakasema kinachoamua si saa bali ni hali ya ubongo wenyewe, umeumia au haukuumia. Na hilo hulijui kwa kumtazama mtu usoni wala kwa kumwambia anyanyue mikono. Unalijua kwa picha.

Picha zenyewe ni za aina mbili kubwa. Kuna kipimo cha CT, ambacho mgonjwa wa kwanza alipigwa mwaka 1971 jijini London. Hicho ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja, lakini jeraha dogo la kukosa damu mara nyingi hukipita katika saa za mwanzo. Na kuna kipimo cha MRI, ambacho kwa namna moja ya upigaji wake hufuatilia mwendo wa maji ndani ya nyama ya ubongo. Mahali ambapo chembe hai zinakosa hewa, maji hukwama, na mahali hapo hung'aa kwenye picha muda mfupi tu baada ya tukio. Miongoni mwa watu ambao dalili zao zimekwisha kabisa na wanajiona wazima, karibu theluthi moja hukutwa na jeraha jipya likiwa linang'aa. Zaidi ya hapo, picha za mishipa huonyesha kama mshipa wa shingoni au wa ndani ya kichwa umekuwa mwembamba au umeziba.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Picha hizi hazielezi yaliyopita tu, bali zinaeleza pia yanayoweza kuja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia watu zaidi ya 4,500 wa nchi 21 waliopata shambulio la muda au kiharusi kidogo, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja kama watu 5 katika kila 100 walipata kiharusi kingine. Lakini wale ambao picha zao zilikuwa na majeraha zaidi ya moja, na wale ambao mishipa yao mikubwa ilikuwa imejaa mafuta na kuwa myembamba, hatari yao ilikuwa zaidi ya maradufu. Daktari anayeshika picha ya namna hiyo anajua kitu ambacho mwenye ubongo hakijui. Mwenye ubongo yuko nje kwenye benchi, anauliza kama anaweza kwenda kazini kesho.

Swali langu ni hili: habari ile ni ya nani? Nani aambiwe kwanza, na akishaambiwa, ana wajibu gani nayo?

Kabla ya kulijibu, kuna wasiwasi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi, tena kwa watu wema. Wanasema: kumwambia mtu kwamba huenda akapooza wiki ijayo si ni kujiingiza katika mambo ya ghaibu? Yajayo anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, daktari ni nani hata atabiri? Wasiwasi huu una heshima yake, kwa sababu unatoka katika imani sahihi. Ila unachanganya mambo mawili.

Mpiga ramli anadai kuujua mwisho. Msomaji wa picha hadai hivyo. Anasema: watu wenye alama kama hizi, tulipowafuatilia, idadi yao kadhaa walipata tukio na wengi hawakupata. Hiyo ni kusoma dalili, kama nahodha anavyosoma wingu na kuamua kutotweka tanga, na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyotangaza mvua za masika. Hatujapata kusikia sheikh anayemwambia nahodha kwamba kuogopa wingu ni kukosa imani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijadili mfano wa pamba na moto, akasema kwamba si moto unaolazimisha pamba iungue, bali ni Allah anayeumba kuungua kwa desturi aliyoiweka. Lakini hakumwambia mtu yeyote aweke pamba yake motoni. Desturi ya Allah katika viumbe vyake ipo, nasi tumepewa akili ya kuitambua na kuifanyia kazi.

Tena kuna tofauti kubwa zaidi. Utabiri wa ramli unataka kutimia, maana ukitimia ndipo mpiga ramli anapata sifa na wateja. Utabiri wa daktari hutolewa ili usitimie. Huko Oxford, Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza wagonjwa wa viharusi vidogo walisubiri miadi, na dawa zikaanza kwa kuchelewa. Katika kipindi cha pili walionwa upesi na kuanzishiwa dawa papo hapo. Waliopata kiharusi kingine ndani ya siku 90 walishuka kutoka kama 10 katika 100 hadi kama 2 katika 100. Watu ni wa mji ule ule na maradhi ni yale yale, tofauti ni kwamba onyo lilifanyiwa kazi. Kisa cha kaumu ya Nabii Yunus (AS) tunakisoma sote: walionywa, wakazinduka, na kilichoonywa hakikuwafika. Silinganishi mashine na wahyi, haiwezekani. Ninachosema ni kwamba onyo kutotimia si dalili kwamba lilikuwa la uongo. Huenda ndiyo dalili kwamba lilisikilizwa.

Basi kama habari hii si ramli, ni nini? Mimi nasema ni amana. Na amana ina mwenyewe.

Nilimfahamu mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu wa makamo, mcheshi, ambaye maisha yake yote ya biashara yaliandikwa kichwani mwake. Alikuwa anachukua mzigo kwa mali kauli, anakopesha wachuuzi, anashika fedha za watu waliokuwa wanajiandaa kwenda Hijja. Siku moja mkono wake wa kulia ulilegea kwa kama dakika 20, kisha ukarudi. Watoto wake, Allah awalipe kwa hilo, walimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Picha ikapigwa, na daktari alipotoka nayo hakumwita mgonjwa. Alimwita mtoto mkubwa pembeni, akamwambia kuna majeraha matatu mapya na mshipa wa shingoni umekuwa mwembamba sana, hivyo wiki hizi za mwanzo ni za hatari na dawa zisikatishwe. Familia ilikaa na kuamua mzee asiambiwe. "Tukimwambia, hofu ndiyo itakayomuua," ndivyo walivyosema. Aliambiwa ni presha kidogo.

Mtu aliyeambiwa ni presha kidogo, tena anayejiona mzima, kwa nini aendelee kumeza vidonge vinavyomchoma tumbo? Aliviacha baada ya siku kumi. Wiki ya tano alipata kiharusi kikubwa kilichochukua upande wa kulia na maneno yote. Akawa anatutazama, machozi yanamtoka, anataka kusema kitu na hakuna neno. Halafu wakaanza kuja watu: huyu ana mzigo wake, yule ana fedha zake za Hijja, mwingine anakana kwamba anadaiwa. Hakuna daftari, hakuna shahidi. Watoto walilipa walichoweza kukithibitisha, na yale yasiyothibitika yamebaki shingoni mwa mtu ambaye alikuwa na wiki tano za kuyaandika na hakujua kwamba anapaswa kufanya haraka.

Siwalaumu watoto kwa nia yao. Walikuwa na huruma, na huruma ni sehemu ya dini. Lakini tuipime huruma hiyo kwa matokeo yake. Walimkinga baba yao na hofu, na kwa kufanya hivyo wakamnyima sababu ya kumeza dawa, wakamnyima nafasi ya kuandika madeni, wakamnyima kuombana msamaha na watu. Mafundisho ya Mtume wetu (SAW) kuhusu wasia yanamtaka mwenye haki za watu aziandike mapema hata akiwa mzima, sembuse aliyekwisha gongewa mlango? Zile wiki tano zilikuwa zake. Waliokuwa wanaamua azitumieje walikuwa ni watu wengine.

Hata hivyo, iko nyumba nyingine niijuayo, ambako kosa lilikwenda upande wa pili. Bibi mmoja, mwenye nyumba zake za kupangisha, alipata kiharusi kidogo, naye akaambiwa pamoja na watoto wake kwamba picha si nzuri. Kuanzia jioni ile alikuwa maiti anayetembea. Funguo zilichukuliwa "asisumbuke". Kodi ikawa inakusanywa na mtoto wa tatu. Akizungumza, wanatazamana kwa jicho la kusema ubongo umeingia kasoro. Wapo walioanza kutajana nani atachukua nyumba ipi. Hivi ninavyoandika, yapata miaka mitatu imepita, bibi yule anakwenda darsa kwa miguu yake, anameza dawa zake bila kukosa, na anawadai wanawe mahesabu ya kodi. Picha haikusema uongo. Ilisema yuko katika kundi lenye hatari zaidi ya wengine. Waliobaki wakasikia kwamba amekwisha.

Haya ni makosa mawili, na mzizi wake ni mmoja. Nyumba ya kwanza iliifanya habari kuwa nzito mno hata isisemwe, na nyumba ya pili ikaifanya kuwa hukumu. Hakuna iliyoishika kama ilivyo. Hata hatari ikiwa maradufu ya ile ya watu 5 katika 100, maana yake ni watu 10 katika 100, na hapo bado 90 hawatapata tukio hilo kwa mwaka huo. Namba hiyo ni kubwa ya kutosha mtu ameze dawa kwa saa na aandike madeni yake. Ni ndogo mno kwa warithi kuanza kugawana nyumba.

Wanazuoni wetu walilikuta swali la namna hii karne nyingi kabla ya mashine. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kinachojulikana vyema kwa wanafunzi wa fikihi ya Shafi pwani yetu, mlango wa wasia unaeleza maradhi ya kuhofiwa. Ni yale ambayo mtu akiwa nayo akatoa mali yake bure, kisha akafa kwayo, alichotoa huhesabiwa ndani ya theluthi moja, na kinachozidi hapo husubiri ridhaa ya warithi. Miongoni mwa maradhi yaliyotajwa ni kupooza kunapoanza. Litazame vizuri neno hilo: kunapoanza. Kupooza kukishachukua muda mrefu hakuhesabiwi tena hivyo, kwa kuwa hofu ya mauti ya karibu inakuwa imepungua. Leo tafiti za hospitali zinasema jambo linalofanana nalo, kwamba hatari ya tukio la pili hujikusanya katika siku na wiki za mwanzo, kisha hushuka. Na ikitokea shaka kama maradhi fulani ni ya kuhofiwa au siyo, Minhaj inarejesha jambo kwa matabibu wawili waadilifu.

Sitoi fatwa hapa kwamba mwenye kiharusi kidogo ana hukumu hiyo au hana, maana hilo lina watu wake. Ninachokiona ni mafunzo matatu. Kwanza, kauli ya tabibu juu ya yanayoweza kuja ilikubaliwa kuwa ushahidi mbele ya sheria, haikuitwa ramli. Pili, haikukubaliwa kauli ya kila mtu, bali ya wawili, tena wenye uadilifu. Uvumi wa ndugu aliyesikia nusu ya maneno mlangoni haumo. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, mgonjwa yule hakuvuliwa umiliki wake. Bado ana theluthi yake ya kuusia, bado anauza na kununua kwa bei ya haki, bado ndiye mwenye nyumba. Sheria ilizilinda haki za warithi bila kumzika mtu akiwa hai.

Upande wa madaktari nao una neno lake. Kuona si sawa na kujua la kufanya. Kwa miaka mingi ilionekana ni jambo la akili tu kwamba mtu mwenye kiharusi kidogo, ambaye picha yake inaonyesha mshipa wa ndani ya kichwa umeziba, apewe dawa kali ya kuyeyusha donge la damu kabla hali haijawa mbaya. Jambo hilo lilipimwa kwa wagonjwa 886 wa nchi mbalimbali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Dawa hiyo haikuleta nafuu. Waliokufa katika kundi lililopewa dawa kali walikuwa 20, na katika kundi lililopewa dawa za kawaida za kuzuia damu kuganda walikuwa 5. Picha ilikuwa kweli, mshipa ulikuwa umeziba kweli, na hatari ilikuwa kweli. Kilichokosewa ni ile haraka ya kudhani kwamba anayeona mbali lazima apige kwa nguvu.

Kinyume chake, hatua za kawaida zimethibitika. Utafiti wa China uliotolewa mwaka 2013, kwa watu 5,170, ulionyesha kwamba aspirini ikiunganishwa na klopidogreli, zikaanzwa ndani ya saa 24, viharusi vipya ndani ya siku 90 vilishuka kutoka karibu 12 katika 100 hadi karibu 8 katika 100. Lakini tafiti zilizofuata zimeonyesha pia kwamba dawa hizi mbili huongeza hatari ya kuvuja damu, ndiyo maana ni kazi ya daktari kuzianza na kuzisimamisha, si ya mtu wa duka la dawa wala ya jirani aliyebakiwa na vidonge. Na kabla ya yote picha ya CT huondoa shaka ya damu iliyovuja, maana kumpa mtu anayevuja damu kichwani dawa ya kuzuia damu kuganda ni kumuongezea balaa.

Msomaji anaweza kusema: haya ni maneno ya wenye bima. Ni kweli, MRI kwa asiye na bima ni fedha ya laki kadhaa, na wapo wasioiona fedha hiyo kwa mwezi mzima. Lakini sehemu kubwa ya onyo haihitaji mashine. Mwaka 2007 yalichapishwa mahesabu mepesi ya alama saba: umri wa miaka 60 na kuendelea, presha ya 140 kwa 90 au zaidi, udhaifu wa upande mmoja au maneno kuharibika, muda ambao dalili zilidumu, na kisukari. Mwenye alama 6 au 7, hatari yake ndani ya siku mbili ilikuwa kama 8 katika 100, na mwenye alama 3 kushuka chini ilikuwa kama 1 katika 100.

Hata alama hizo nazo zikaleta somo la maadili. Watu wa alama chache wakawa wanaambiwa wasubiri, na miongoni mwao walikuwamo wenye mishipa iliyokaribia kuziba. Mwaka 2019 mwongozo wa taifa wa Uingereza ukasema alama hizo zisitumike kuamua nani aharakishwe, bali kila anayeshukiwa kupatwa na shambulio hilo ndani ya wiki iliyopita aonwe na bingwa ndani ya saa 24. Maana yake ni kwamba utabiri ukitumiwa kuwahudumia watu ni rehema, ukitumiwa kuwachuja watu ili wengine waachwe hugeuka kuwa dhulma. Na sisi wenye mashine chache tunapaswa kulizingatia hilo kuliko wao, kwa sababu kishawishi cha kuchuja kwetu ni kikubwa zaidi.

Turudi kwenye swali: nani aambiwe kwanza? Jibu langu ni mwenye ubongo. Maadamu akili yake iko naye na anaweza kusikia na kufahamu, habari ni yake kabla ya kuwa ya mtoto mkubwa, ya kaka au ya mume. Daktari aanze kwa kumuuliza: "Mzee, ungependa nikueleze mwenyewe yote niliyoyaona, au nizungumze na mwanao?" Wapo watakaosema, "Zungumza na mwanangu, mimi nieleze dawa tu." Hiyo ni haki yao, na ni lazima iheshimiwe. Lakini wawe wamechagua wao. Kutotaka kujua ni uamuzi wa mtu. Kufichwa ni uamuzi wa watu wengine juu yake.

Naye aelezwe kwa maneno ya kawaida na kwa kipimo. Asiambiwe "picha mbaya" akaachwa na neno hilo usiku kucha. Aambiwe: katika watu mia moja wenye picha kama yako, kadhaa watapata tukio jingine na wengi hawatapata. Dawa hizi na presha kushuka zitapunguza idadi hiyo, na siku za hatari zaidi ni hizi. Dalili zikirudi hata kwa dakika mbili, njoo, usisubiri asubuhi. Maneno hayo hayachukui dakika tano, na yanamwacha mtu na kazi ya kufanya. Kinachotisha zaidi ni hatari ambayo mtu haijui ukubwa wake wala hana la kuifanyia.

Na sisi watoto tuna wajibu wetu: kukaa pembeni wakati anaambiwa, si mbele yake. Kununua kipimo cha presha cha nyumbani kabla ya kununua kitanda cha mgonjwa. Kumletea daftari na kalamu, na kama itabidi, mashahidi wawili, bila kumfanya ahisi kwamba tunasubiri. Kumwachia funguo zake. Na kumuuliza, kama tulivyokuwa tukimuuliza mwaka jana, mzigo wa wiki ijayo uagizwe au usiagizwe, kwa sababu huenda mwakani, kwa idhini ya Allah, yeye ndiye atakayekuwa anatuuliza sisi kwa nini hesabu hazikai sawa.

Wallahu aalam.